Nani Yuko Darasani?
Kila Januari tunatangaziwa idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza. Hatuambiwi ni watoto wa nani. Tabora inalijua swali hilo: shule ya serikali iliyoanzishwa hapa miaka ya 1920 ilikusudiwa wana wa machifu, na Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, aliingia mwaka 1937.

Leo shule ya msingi ya serikali haina ada, lakini umbali bado huamua nani yuko darasani. Katika wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, familia nyingi za wakulima wa tumbaku na wafugaji huishi ndani ya misitu ya miombo, mbali na shule. Ndipo zinapohitajika shule shikizi, yaani matawi ya shule mama yaliyo karibu na makazi, kwa wadogo wasioumudu mwendo ule. Mwaka 2021, fedha za kukabiliana na UVIKO-19 zilitengwa kwa ajili ya madarasa 3,000 ya shule hizo nchini. Hatua njema sana. Sasa maofisa elimu watusomee pia wangapi ni wa wafugaji, wangapi wa vibarua wa msimu, na wangapi wa Januari bado wamo darasani tumbaku inapochumwa.