Mali ya Maskini ni ya Maskini



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya amana inayoachwa kanisani kwa ajili ya maskini. Mtoaji hufa, na wosia wake hubaki mikononi mwa walio hai; nao walio hai wana mahitaji yao. Hapo ndipo penye jaribu.

Kanisa letu lilikutana na jaribu hilo tangu utoto wake. Mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig huko Saksonia, washarika waliafikiana kukusanya mali za kanisa katika sanduku moja. Nyingi zilikuwa zimeachwa kwa wosia ili misa zisomwe kwa ajili ya roho za marehemu. Sasa zingetumika kwa huduma ya Neno, shule, wagonjwa, yatima na wazee. Martin Luther aliuandikia utaratibu huo dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na funguo ziligawanywa kwa waungwana, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima wa vijijini, ili mtu yeyote asiweze kulifungua peke yake. Hata hivyo baraza la mji lilikataa kuziachia mali zile, hata Luther akalazimika kumwandikia mtawala wa Saksonia. Utaratibu ulikuwa mwema, lakini mioyo ilikuwa mizito.

Katika milima yetu, misheni ilianza kazi Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1896, kule Lutindi, Wakristo wa Ujerumani waligharimia nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walikua, na haja ile ikapungua. Je, nyumba ingefungwa, au ingegeuzwa kuwa makao ya starehe? Mwanzoni mwa karne ya 20 ilianza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao mara nyingi walifichwa au kufungwa kamba. Hospitali ya Lutindi ingali ikiwahudumia wagonjwa hao chini ya Dayosisi yetu. Haja ilibadilika, lakini mali haikuondolewa kwa wanyonge.

Ndugu zangu, sisemi haya kama mtu asiye na doa. Miaka mingi iliyopita, katika usharika mmoja niliotumikia, paa la kanisa lilikuwa halijakamilika. Nilichukua fedha za sanduku la maskini, nikiahidi kuzirudisha baada ya mavuno. Mzee mmoja wa kanisa alinisihi nisifanye hivyo. Nilimjibu kwamba nyumba ya Bwana ni ya wote, maskini wakiwamo. Masika yalipofika, mama mmoja mjane alikuja kuomba nauli ya kumpeleka mtoto wake hospitali. Sanduku lilikuwa tupu. Nilitoa nilichokuwa nacho mfukoni, nacho hakikutosha. Majirani wakambeba mtoto kwa machela usiku ule. Mungu alimponya. Lakini kila nilipohubiri chini ya mabati yale, nilijua yalinunuliwa kwa fedha ya nani. Nilimwomba radhi yule mzee na yule mama, na fedha zikarudishwa.

Kwa hiyo, tunapoingia katika miaka 100 ya pili hapa Amani, naomba mambo matatu. Sanduku la maskini liwe na funguo zaidi ya moja, na mmoja ushikwe na mjane. Hesabu yake isomwe mbele ya usharika wote, wala si katika kikao cha wazee peke yake. Na majengo yetu yachangiwe kwa michango yake yenyewe, hata yakichelewa. Jengo laweza kungoja mavuno, mgonjwa hawezi.

Mungu awabariki. Amina.