Kutoka Mangweni Hadi Kikaoni: Kumfikisha Mtu Kwenye Kundi la Kuacha Pombe

Mada kwa wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa nyumba kumi na viongozi wa dini, Kilifi



Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mgema mmoja alinijia jioni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka. Nilifurahi. Nikachana karatasi, nikaandika siku, saa na mahali ambapo kundi la kuacha pombe hukutana mjini, nikamkabidhi, nikajiona nimemaliza kazi. Baada ya miezi miwili mkewe aliniletea karatasi ile, au tuseme mabaki yake, maana ilifuliwa ndani ya mfuko wa shati. Mama huyo alinieleza kwamba Jumamosi mbili mfululizo mumewe alivaa vizuri, akafika stendi, akarudi nyumbani.

Kulipata kundi si kazi kubwa. Ipo namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi: 1192. Yapo makanisa yanayotoa chumba, na vituo vya urekebishaji tabia ambavyo walimu wake hujua nani hukutana wapi. Mwenye simu ya intaneti anaweza hata kuhudhuria vikao vya mtandaoni akiwa chumbani kwake. Kigumu ni zile hatua chache za kutoka stendi hadi mlangoni, na hapo ndipo mtu hutuhitaji.

Waanzilishi wa Alcoholics Anonymous (AA), chama cha makundi haya, walilijua hili. Mnamo Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini mjini Akron, Ohio. Dili lake lilikuwa limeharibika na alikuwa na miezi mitano tu bila kunywa. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, upande mwingine simu na orodha ya makanisa. Akaanza kupiga simu kwa wachungaji, akitafuta mlevi wa kuzungumza naye. Mwishowe mama mmoja akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuja akiwa na nia ya kukaa dakika 15. Walizungumza saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku daktari alipokunywa mara ya mwisho, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Angalieni kwamba Wilson hakutafuta mhubiri. Alitaka mtu anayejua mkono unavyotetemeka asubuhi.

Sasa nije kwenye yale mtakayoulizwa. La kwanza ni siri: "Wakiniona je?" Swali hili msilipuuze, kwani kwetu habari hutembea kuliko bodaboda. Anayeogopa sana apelekwe kundi la mbali na kijiji chake, hata nauli ikipanda. Mwelezeni pia kwamba vipo vikao vya wazi, ambavyo mtu yeyote anaweza kuketi na kusikiliza, na vikao vya ndani, vya wenye tatizo peke yao. Kwenye kikao cha wazi unaweza kuingia naye. Hatalazimishwa kusema neno. Akitaja jina lake la kwanza tu, yatosha.

La pili ni fedha. Hakuna ada. Kofia huzungushwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na asiye na kitu huipitisha. La tatu ni dini, hasa kwa Mwislamu anayeambiwa aingie chumba cha kanisa. Chumba ni cha kukodi tu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa, na yule Mungu anayetajwa kwenye hatua 12 za AA kila mmoja humwelewa kwa imani yake. Ulizeni mapema lugha ya kikao. Nimeona mtu akiketi saa nzima katikati ya Kiingereza, akitabasamu, na hakurudi tena.

Lakini kabla ya kikao, tazameni mwili. Anayekunywa kila siku, anayezimua alfajiri ili mikono itulie, msimwambie aache ghafla leo. Anaweza kupata degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Huyo apelekwe hospitali kwanza, kundi lisubiri.

Na akishatulia, kuna jambo ambalo vitabu vya Ohio havikulifikiria: matanga. Kwetu pombe ya mnazi ni sehemu ya mahari, ya maziko na ya kuwatambikia koma. Mjomba mtu akiikataa kata, ukoo mzima humtazama. Hapa naomba wazee mnisaidie, maana mhudumu kijana hana mamlaka. Mzee akisema mbele ya watu, "huyu mpeni maji, ameshiriki," basi ameshiriki. Neno hilo moja humwokoa mtu kuliko mihadhara yangu yote.

Wapo wanaouliza kama makundi haya yanafaa kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane walichambua tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Walikuta kwamba tiba iliyopangwa ya kumwingiza mtu katika AA inasaidia kuacha kabisa sawa na tiba nyingine zinazojulikana, na mara nyingi kuzishinda. Wake na watoto nao wana kundi lao, Al-Anon, lililoanzishwa mwaka 1951. Mama wa karatasi ile angelihitaji kabla ya mumewe.

Ombi langu kabla hatujakutana tena: kila mmoja wenu akae kwenye kikao kimoja cha wazi. Ahesabu nauli, ajue geti gani hufunguliwa Jumamosi, choo kiko wapi, na nani huwahi kupanga viti. Huyo mpanga viti mwombeni namba, na ruhusa ya mtu wenu kumpigia akiwa bado stendi.