Hotuba juu ya Bibi Alice Seeley Harris, Mpiga Picha



Zamani kazi ya kupiga picha ilihesabiwa kuwa ni ya wanaume, maana kamera ilikuwa nzito na vioo vyake vyepesi kuvunjika. Bibi Alice Seeley, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1870, hakuyajali hayo. Mwaka 1898 aliolewa na Bwana John Harris, wakasafiri kwenda Kongo kuwa wamisionari, wakakaa Baringa, nchi ya misitu ambako kampuni ya ABIR iliwalazimisha wenyeji kugema mpira kwa bunduki na mjeledi.

Tarehe 14 Mei 1904 alifika pale mtu mmoja, jina lake Nsala, amechukua kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Bibi Harris alimkalisha barazani, akampiga picha. Itazameni picha hiyo: hamna damu wala kilio. Baba amekaa upande, anaviangalia viungo viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake, na nyuma wamesimama wengine, kimya. Mpiga picha asiye na busara angalionyesha jeraha tu; yeye alimwonyesha mzazi. Hapo ndipo ulipo ufundi wake.

Picha hizo ziligeuzwa kuwa vioo vya kumulikwa ukutani kwa taa. Mark Twain akazitia katika kitabu chake cha mwaka 1905 juu ya Mfalme Leopold. Na mwaka 1906 Bibi Harris na mumewe walihutubia Marekani mikutano zaidi ya 200, katika miji 49. Maneno ya wamisionari mfalme aliweza kuyakanusha, picha ilimshinda. Mwaka 1908 Kongo ilitolewa mikononi mwake ikatwaliwa na serikali ya Ubelgiji, ile ile ambayo askari wake waliingia Kigali mwaka 1916.

Wapo wanaouliza kama ilikuwa haki kuutembeza msiba wa mtu katika kumbi za ng'ambo. Swali hilo lina uzito. Lakini Nsala alikuja kwa miguu yake mwenyewe, kushtaki.

Bibi Harris alirudi Kongo na kamera yake mwaka 1911, kutazama kama hali imebadilika. Alifariki mwaka 1970, ametimiza miaka 100. Mara nyingi picha zake zilichapishwa pasipo jina lake. Mwaka 2014 zilionyeshwa Liverpool, katika jumba la makumbusho ya utumwa, na safari hii jina lilikuwapo.