Ripoti ya sumu kwa mboga: "haikupatikana" ama "haikutafutwa"?

Haya ni maneno niliyosema kwenye mjadala wetu wa sauti kuhusu dawa za kunyunyizia mazao. Wengi mliomba maandishi, basi nayaweka hapa. Kama kawaida yetu, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

1. Wadau, mnajua vile hii stori huenda. Mmoja anapanda jukwaani anasema Wakenya wanalishwa sumu. Mwingine anajibu kwamba mboga zilipimwa na hakuna kitu kilipatikana. Wote wameshika karatasi, na sisi tunaamini yule wa upande wetu. Leo tuisome hiyo karatasi.

2. Mashine ya maabara haisomi jina la dawa kwenye sukuma wiki. Inachora mistari kwenye grafu, basi. Ili ujue mstari ni wa dawa gani na kiasi gani, lazima uwe na dawa hiyo hiyo ikiwa safi, yenye cheti na kipimo kinachojulikana. Unaipitisha kwa mashine ile ile, halafu unalinganisha. Hiyo ndiyo sampuli ya kulinganishia.

3. Fikiria mizani ya sokoni. Inaweza kuwa mpya inang'aa, lakini kama jiwe la kilo limechongwa, umeibiwa. Ndiyo maana maofisa wa vipimo hukagua na kupiga muhuri. Sampuli ya kulinganishia ndiyo jiwe la kilo la maabara.

4. Na kinachopimwa ni kidogo ajabu. Umoja wa Ulaya, pale ambapo haujaweka kiwango maalum cha dawa kwa zao fulani, hutumia miligramu 0.01 kwa kilo. Kwa gunia la mahindi la kilo 90, hiyo haifiki hata miligramu moja: chembe chache za chumvi kwa gunia zima. Jiwe likiwa na kasoro, mkulima wa mishiri anakataliwa mzigo ambao haukuwa na shida, ama mtoto wako anakula kile kilichopaswa kuzuiwa.

5. Sasa sikizeni vizuri. Bila sampuli ya dawa fulani, maabara haiwezi kuthibitisha kiasi cha dawa hiyo. Kwa hivyo ripoti inaweza kusema "hakuna kilichopatikana" na isiwe uongo, kumbe dawa iliyopuliziwa shambani haikuwa kwenye orodha ya zilizotafutwa.

6. Anayepiga kelele za sumu naye asipite bure. Dawa kupatikana si sawa na dawa kuzidi kiwango. Aseme ni dawa gani, kiasi gani, na kiwango cha nani: cha Kenya, cha Ulaya, ama cha Codex, ile tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO.

7. Tuje kwa pesa. Wanasiasa hupenda jengo kwa sababu jengo lina utepe wa kukata. Sampuli hizi huja kwa vichupa vidogo, nyingi zinaagizwa nje, zinahitaji baridi, na zina tarehe ya kuisha. Jengo hulipiwa mara moja. Vichupa ni gharama ya kila mara. Ukiahidiwa maabara mpya kaunti yako, uliza bajeti ya vichupa iko wapi.

8. Maswali manne ya kuuliza mtu akikuonyesha ripoti:
– Zilitafutwa dawa zipi?
– Maabara inaweza kuona kiasi kidogo kadiri gani?
– Ina ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa kipimo hicho hasa?
– Mboga zilichukuliwa wapi: soko la mtaa ama shamba la kuuza nje? Za kupanda ndege zikiwa safi, hiyo haikwambii kitu kuhusu zile za kibanda cha jirani.

9. Katiba ya 2010 iko upande wako. Ibara ya 43 inasema chakula cha ubora unaokubalika, ya 46 inalinda mnunuzi, na ya 35 inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hivyo usiridhike na karatasi ya kupungiwa hewani. Omba ripoti nzima, pamoja na orodha ya dawa zilizotafutwa.

Mjadala ukirudi, na utarudi, anzeni na swali la kwanza. Sambaza kwa group ya familia.