Chungu cha Mbwa na Chungu cha Paka: Lishe Bora kwa Vyakula vya Nyumbani

Mbwa na paka wanaofugwa katika nyumba moja mara nyingi hulishwa kutoka sufuria moja: ugali uliolala, mchuzi, kichwa cha samaki, na mara mojamoja mapupu kutoka buchani. Mazoea haya yanaeleweka, ila yanawachukulia kuwa sawa wanyama wawili ambao miili yao haifanani. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umezoea wanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kimeng'enya kinachosaga wanga kuliko mbwa mwitu wa kijivu, ndugu yake wa porini. Ugali, basi, si chakula kibaya kwa mbwa. Paka hakupita njia hiyo. Amebaki mla nyama kwa maumbile.

Kasoro ya ugali ni yale yasiyokuwamo. Unga wa mahindi una protini takriban asilimia 9 tu, nayo ina upungufu wa laisini na triptofani. Viwango vya Marekani vya chakula cha wanyama wa nyumbani vinataka protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu kwa mbwa mzima, na asilimia 22.5 kwa anayekua au anayenyonyesha. Mbwa anayeishi kwa ugali na mchuzi hujaa tumbo huku misuli ya mgongo na mapaja ikipungua, manyoya yakipoteza mng'ao na vidonda vikichelewa kupona. Mwenye mbwa huona sahani imelambwa, akaridhika.

Dawa ya upungufu huo inapatikana karibu kila soko la Afrika Mashariki, nayo ni dagaa. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, huleta pia madini ya chokaa. Mbwa mzima wa kilo 20 anahitaji takriban kilokalori 1,000 kwa siku. Gramu 170 za unga wa dona, gramu 80 za dagaa wakavu wasiotiwa chumvi na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta hufikia kiasi hicho, na protini hupanda hadi zaidi ya asilimia 20. Dagaa huoshwa kwa maji mawili au matatu mpaka mchanga uishe, hutwangwa, kisha huchemshwa vizuri kabla ya unga kutiwa. Mchicha au karoti huongezwa mwishoni, na mara moja kwa wiki kipande cha ini kilichopikwa, au yai, huziba mapengo mengine. Mchanganyiko huu si kamili kwa kila kirutubisho, lakini unaupita mbali ugali mtupu.

Watoto wa mbwa wanahitaji uangalifu zaidi, na hapa wenye uwezo ndio hukosea zaidi. Nyama tupu, hata ikiwa steki, ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo mno. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama peke yake huchotwa chokaa kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu hupinda, naye huvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti.

Kuna hatari mbili zinazoingia na chakula chenyewe. Ya kwanza ni sumukuvu. Mahindi yaliyoota ukungu na pumba iliyolowa ndivyo vinavyotengwa kwa ajili ya mbwa, eti ni mnyama tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Ini huharibika, macho na fizi huwa njano, mnyama hukataa chakula na hufa. Kupika hakuiondoi sumu hii. Nafaka isiyomfaa mtu haimfai mbwa.

Ya pili ni mapupu, maini na bandama mbichi za mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, ambazo zinaweza kuwa na vifuko vya maji vya mnyoo tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akivila, minyoo hukomaa utumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza, hasa mtoto anayecheza na mbwa, uvimbe huota kwenye ini au mapafu, na huenda ukahitaji upasuaji. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zenye maambukizi makubwa zaidi duniani. Kuchemsha viungo hivyo kwa nusu saa baada ya maji kutokota huua viini vya mnyoo huo. Kwa hiyo mtu wa machinjioni anayemtupia mbwa pafu lenye malengelenge anaiweka hatarini familia nzima ya mwenye mbwa.

Chungu cha paka huanzia kwenye nyama. Paka mzima anahitaji protini isiyopungua asilimia 26 ya chakula kikavu, na zaidi ya hapo anahitaji taurini, ambayo mwili wake hauitengenezi ya kutosha. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kuwa paka waliotanuka moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi moyo ukarudi katika hali yake walipoongezewa. Upungufu huohuo hupofusha. Taurini imo kwa wingi kwenye moyo wa ng'ombe na nyama nyeusi ya kuku, lakini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Supu hiyo, isiyo na chumvi wala kitunguu, apewe paka pamoja na nyama. Paka pia hawezi kugeuza karoti kuwa vitamini A. Ini kidogo mara moja kwa wiki linatosha, kwani ini la kila siku hugandisha mifupa ya shingo. Samaki wabichi baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, hivyo wapikwe. Na imani kwamba paka akishibishwa hakamati panya haina msingi: paka aliyeshiba huendelea kuwinda.

Wote wawili waepushwe na vitunguu vya aina zote, chokoleti, zabibu na mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vikali.

Kiasi nacho kina uzito wake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, mbwa 48 aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao. Kipimo ni vidole: mbavu ziguswe kwa urahisi bila kuonekana, na kiuno kionekane mnyama akitazamwa kutoka juu. Chakula kipya kiingizwe kidogokidogo kwa wiki moja, kikichanganywa na cha zamani, ili tumbo lisiharishe, na maji safi yawepo muda wote.