Usiitupe Dawa, Wala Usiumie Kimya

Maneno kamili ya mazungumzo ya afya kwa wakaazi kuhusu kukabiliana na madhara ya dawa za maumivu ya kichwa ya klasta

 

Mazungumzo ya leo yanahusu maumivu ya kichwa yanayoitwa klasta. Jina hilo maana yake ni kundi, kwa sababu mashambulizi yake huja kwa makundi. Mgonjwa hushambuliwa kila siku kwa wiki kadhaa au hata miezi, kisha hupumzika miezi mingi kana kwamba hajawahi kuugua. Shambulio moja huchukua kati ya dakika 15 na saa 3, na kwa siku moja yanaweza kufika 8. Maumivu hukaa upande mmoja, ndani na nyuma ya jicho. Jicho hilo huwa jekundu na kutoa machozi, pua ya upande huo huziba au kuchuruzika, na kope huweza kulegea.

Huu si ugonjwa wa kipandauso. Mwenye kipandauso hutafuta giza alale. Mwenye klasta hawezi kutulia. Huzunguka nyumba, hujigonga ukutani, hutoka nje usiku wa manane. Takriban mtu mmoja kati ya 1,000 hupatwa nao maishani, na wanaume huugua zaidi kuliko wanawake.

Habari njema ni kwamba dawa zipo. Habari ngumu ni kwamba dawa hizo zina madhara, na wagonjwa wengi huziacha kimyakimya. Hapo ndipo balaa huanzia.

Chukulia mfano wa mgema mwenye umri wa miaka 35. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mambo yaliyomo huwapata watu kila siku. Kila usiku saa nane huamshwa na maumivu ya jicho la kushoto. Kwanza aling'olewa jino ambalo halikuwa na shida. Kisha majirani wakasema ni majini. Akanunua diklofenaki na parasetamoli dukani wiki baada ya wiki bila nafuu, kwa sababu dawa za kawaida za maumivu haziufikii ugonjwa huu. Mwishowe mkewe akamshika mkono hadi hospitalini, daktari akautambua ugonjwa, na akaandikiwa verapamili.

Verapamili ndiyo dawa inayotumika zaidi kuzuia mashambulizi. Humezwa kila siku katika msimu wote wa maumivu, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Mgema akaanza. Baada ya siku kumi mashambulizi yalipungua. Lakini tumbo lilifunga, akakaa siku nne bila kwenda haja kubwa. Na asubuhi moja, akiwa juu ya mnazi na kotama mkononi, alishikwa na kizunguzungu. Alishuka akitetemeka. Hakumwambia mtu. Aliona haya kuzungumzia choo, na aliogopa kuambiwa aache kazi. Akazitupa dawa. Usiku wa tatu, saa nane, jicho likarudi kuwaka.

Mgema huyu alikuwa na haki ya kuogopa. Kizunguzungu juu ya mnazi kinaweza kuua. Alikosea jambo moja tu: aliamua peke yake. Madhara ya dawa ni habari, na habari hiyo inapaswa kumfikia aliyeiandika dawa kabla ya mgonjwa kuikatiza. Mara nyingi kipo kitu cha kufanya.

Ni vyema basi kuzipitia dawa hizi moja baada ya nyingine.

Kwanza, verapamili. Tumbo kufunga ndiyo malalamiko ya kawaida. Dawa yake huanzia jikoni: maji ya kutosha, papai, kunde, maharagwe, mchicha na mboga nyingine za majani, pamoja na kutembea. Tumbo likiendelea kufunga siku tatu au nne, kliniki itatoa dawa ya kulainisha choo. Miguu inaweza kuvimba kidogo jioni, nayo ielezwe kliniki. Kizunguzungu hutokana na presha kushuka. Mgonjwa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na kila kipimo cha dawa kinapoongezwa, asipande mti, asiendeshe bodaboda wala asitoke na mashua peke yake hadi ajue mwili umeipokeaje. Mgema angeweza kukaa chini siku hizo akisuka makuti, kisha arudi juu daktari akiridhika.

Verapamili pia hugusa mapigo ya moyo. Ndiyo sababu mgonjwa hufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kinachojulikana hospitalini kama ECG, kabla ya kuanza, na tena wiki moja au mbili baada ya kila nyongeza ya kipimo. Kipimo hiki hakiumi, na mgonjwa asikikwepe kwa sababu anajisikia sawa. Moyo unaweza kupunguza kasi bila mwenyewe kujua. Akizimia, au moyo ukipiga polepole mno na mwili kuishiwa nguvu, aende hospitali mara moja.

Jambo jingine ni kuchanganya dawa. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi na propranololi, zikikutana na verapamili zinaweza kuushusha moyo kupita kiasi. Kwa hivyo kukopeshana vidonge vya presha baina ya ndugu ni hatari. Dawa za viini kama erithromaisini na klarithromaisini huongeza nguvu ya verapamili mwilini, na tunda la balungi hufanya vivyo hivyo. Anayekwenda kutibiwa kifua au jino aseme mapema kwamba anatumia verapamili.

Pili, prednisoloni. Hii hutolewa kwa muda mfupi ili kuzima moto huku verapamili ikisubiriwa kufanya kazi. Huleta njaa nyingi, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kiungulia. Kuimeza asubuhi baada ya chakula hupunguza mengi ya hayo. Huongeza sukari mwilini, kwa hivyo mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara zaidi. Aliyewahi kuugua kifua kikuu au vidonda vya tumbo aseme kabla ya kuanza. Na kwa kuwa nafuu yake ni ya haraka, wapo wanaorudi dukani kujinunulia tena na tena. Hilo lisifanyike. Ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na kuikatiza ghafla baada ya wiki nyingi kunaweza kumwangusha mtu. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa maelekezo ya daktari.

Tatu, lithiamu. Wengine hupewa hii verapamili isiposaidia. Huleta kiu, kukojoa mara nyingi na mikono kutetemeka kidogo. Tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru ni ndogo, hivyo damu hupimwa mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Katika joto la pwani, adui mkubwa wa mwenye kutumia lithiamu ni kuishiwa maji mwilini. Akiharisha, akitapika au akishinda juani bila kunywa maji, dawa hujikusanya katika damu. Asiache chumvi ghafla. Asinywe ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Na Muislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kwanza ya saumu. Mikono ikitetemeka sana, ulimi ukawa mzito, au mtu akayumba kama mlevi, asimeze kidonge kinachofuata. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nne, topiramati. Huleta ganzi na mchomo vidoleni, kupoteza hamu ya chakula, na kusahau maneno katikati ya mazungumzo. Kunywa maji mengi husaidia kuzuia mawe ya figo. Kwa wanawake kuna onyo la pekee: dawa hii inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na kwa vipimo vikubwa hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa azungumze na mhudumu kuhusu njia ya uzazi kabla ya kuanza, na akihisi amepata mimba aende kliniki bila kuchelewa.

Hizo ni dawa za kuzuia. Zipo pia za kukata shambulio likishaanza.

Sindano ya sumatriptani hufanya kazi ndani ya dakika chache. Inaweza kuleta joto mwilini, mchomo wa ngozi, usingizi, na uzito shingoni au kifuani unaopita upesi. Wenye ugonjwa wa moyo, waliowahi kupata kiharusi na wenye presha isiyodhibitiwa hawapaswi kupewa. Zisizidi sindano mbili kwa saa 24, na kati ya moja na nyingine ipite angalau saa moja. Uzito wa kifua usiopita, au unaoshuka mkononi, uchukuliwe kuwa tatizo la moyo na mgonjwa akimbizwe hospitali.

Kisha ipo oksijeni, ambayo wengi hushangaa kusikia kuwa ni tiba ya kichwa. Mgonjwa huketi wima na kuvuta oksijeni safi kwa kinyago chenye mfuko, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa takriban dakika 15. Kati ya tiba zote hizi, hii ndiyo yenye madhara machache zaidi. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aseme kwanza. Na oksijeni huchochea moto: pasiwe na sigara, mshumaa, koroboi wala jiko karibu.

Ndugu wakaazi, mgonjwa afanye nini basi madhara yanapoanza? Yapo mambo manne.

La kwanza, awe na daftari. Daftari la shule la bei rahisi latosha. Aandike tarehe, saa ya shambulio, limechukua muda gani, dawa aliyomeza, na alichohisi baadaye. Kama hasomi, mtoto au mke amwandikie. Daktari akilisoma ataona kama kizunguzungu kilianza kabla au baada ya kipimo kuongezwa, na ataweza kupunguza, kugawanya au kubadilisha dawa.

La pili, aende kliniki na dawa zote katika mfuko mmoja: za hospitali, za dukani na za miti shamba. Asifiche yoyote. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mhudumu wa afya hashangazwi na habari za choo, wala za ndoa, wala za dawa za mganga.

La tatu, aseme kazi yake. Mgema, dereva, fundi wa paa na mvuvi hawapaswi kupewa ushauri sawa na wa mtu anayeketi ofisini. Na mgema ana jambo lake jingine: katika msimu wa mashambulizi, pombe huamsha maumivu, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Hata kuonja mnazi ili kujua kama umekolea kunaweza kutosha. Amwachie mwingine kazi ya kuonja.

La nne, madhara yaripotiwe. Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kote nchini. Kwenye vituo vya afya hutumika fomu ya manjano kwa madhara ya dawa, na ya waridi kwa dawa inayoshukiwa kuwa mbovu. Mgonjwa ana haki ya kumwomba mhudumu aijaze. Ripoti moja huonekana ndogo, lakini zikikusanywa ndizo humlinda mgonjwa anayefuata.

Neno kwa familia. Mtu anayejigonga ukutani saa nane za usiku hajarukwa na akili wala hajavamiwa na majini. Ana maumivu ambayo ni miongoni mwa makali zaidi yanayojulikana na madaktari. Wapo wanaofikia kutamani kufa. Prednisoloni na topiramati nazo zinaweza kubadilisha moyo wa mtu akawa mzito au mwenye hasira. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, asikemewe na asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali, au ipigwe simu bila malipo nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa ushauri nasaha.

Wahudumu wa afya ya jamii nao, mnapozuru nyumba, msiishie kuuliza kama mgonjwa anameza dawa. Muulize pia dawa inamfanyaje. Swali hilo la pili ndilo lililokosekana kwa mgema.

Lingeulizwa, huenda hadithi ingekuwa hivi. Mkewe angelitoa daftari. Angepelekwa kupimwa moyo na presha, kipimo cha dawa kingerekebishwa, tumbo lingepewa tiba yake, naye angekaa chini wiki mbili akisuka makuti. Msimu wa maumivu ungepita. Kisha dawa ingepunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo, naye angerudi mnazini na kichwa chepesi na miguu imara.

Kwa hivyo, ndugu, dawa ikikusumbua usiitupe, na usiumie kimya. Ichukue, beba daftari lako, nenda ukaseme.