Gharama ya Utu Katika Michezo

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa Serikali, Kimamba, Wilaya ya Kilosa)



Ubaguzi wa rangi katika michezo hauanzii uwanjani. Chimbuko lake ni imani kwamba wapo watu walioumbwa kuamuru na wengine kutumwa. Wazee wa Kimamba wanaifahamu: katika mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, Mwafrika alikata na kubeba, amri ilikuwa ya Mzungu. Nchini Marekani, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, imani hiyo ilimnyima mchezaji Mweusi nafasi ya kuongoza mashambulizi, eti ana mbio lakini hana akili ya kupanga. Doug Williams aliiumbua tarehe 31 Januari 1988, alipoiongoza Washington kutwaa ubingwa kwa pointi 42 dhidi ya 10 za Denver.

Tanzania nayo ina Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alifika wa pili. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Bayi akaweka na rekodi ya dunia ya maili moja. Ulimwengu ukangoja wawili hao wapambane Montreal mwaka 1976.

Hawakupambana. Juni 16 mwaka huo, watoto wa shule wa Soweto walipigwa risasi. Mwezi huo huo timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza na makaburu. Afrika ilidai New Zealand iondolewe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20 zikasusia. Walker akatwaa dhahabu.

Wapo wanaouliza: Bayi alikosa nini? Hakukosa lolote. Taifa lilitoa kauli, naye akalipa gharama yake, kwa maana ujana wa mkimbiaji haungoji. Lakini gharama hiyo haikupotea bure. Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana, huko Gleneagles, kuzuia michezo na Afrika Kusini ya kibaguzi. Mwaka huo huo, mkoani humu, shamba la zamani la mkonge la Mazimbu lilitolewa kwa ANC, pakajengwa shule ya vijana waliokimbia ukatili ule. Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki mwaka 1992, ubaguzi ukiwa unaporomoka.

Bayi hakukata tamaa. Moscow, mwaka 1980, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Baadaye Bayi alianzisha shule.

Mwalimu anayefundisha habari za ukombozi asiishie kwenye bunduki na mikutano; amtaje na mwanariadha aliyebaki nyumbani. Na mtumishi wa umma akumbuke kwamba taifa linapomtaka kijana ajinyime kwa ajili ya wote, linabaki na deni kwake. Deni hilo halilipwi kwa makofi; hulipwa kwa viwanja, walimu wa michezo na heshima wakati kijana angali na nguvu za kukimbia.